Kilo 29 Kwenye Bajaji

Saa tisa usiku, dansi limekwisha. Nje ya ukumbi mpiga solo na dereva wa bajaji wameinama, mmoja huku mmoja kule, wanaipandisha amplifaya kwenye siti ya nyuma. Ni Fender Twin Reverb: kilo 29, mpini mmoja tu juu, na mpini wenyewe umeshaanza kuchanika.

"Mzee wangu, humu mna nini, saruji?"

"Mna sauti, kijana wangu. Twende."

"Sauti ya uzito huu, ongeza buku."

Mzee akaongeza buku.

Jibu lile la mzee limenikaa kichwani wiki kadhaa sasa, kwa sababu ni zuri na si kweli. Humo ndani hamna kilo 29 za sauti. Mna chuma, sumaku na mbao. Leo kuna vichwa vya amplifaya (amplifaya zisizo na spika ndani) vya wati 100 hadi 200 vinavyoingia kwenye begi la kompyuta, na uzito wake ni wa pakiti moja au mbili za sukari.

Sasa mbona wapo waliovinunua, wakavipigia miezi mitatu, kisha wakarudi kwenye mzigo wao wa zamani wakisema kale kadude "hakana pumzi"?

Hapo ndipo paliponikera.

## Uzito umekaa wapi

Twin ina valvu nne za aina ya 6L6, zile chupa za kioo zinazokuza sauti, zinazotoa wati 85. Valvu zenyewe ni nyepesi. Kinachovunja mgongo ni transfoma: moja inapandisha umeme wa ukutani hadi mamia ya volti ambazo valvu zinazitaka, nyingine inashusha mambo hadi spika iweze kusukumwa. Zote zimejaa chuma na shaba. Na transfoma inayofanya kazi kwa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, haina namna ya kuwa ndogo. Mzunguko ukiwa wa polepole chuma lazima kiwe kingi, la sivyo kinashiba na kuanza kuchemka.

Amplifaya nyepesi inapakwepa hapo. Pawa saplai yake inaukatakata umeme kwa kasi kubwa mno, mara nyingi karibu mara laki moja kwa sekunde. Kwa mwendo huo transfoma ya ukubwa wa kiberiti inafanya kazi iliyokuwa ya tofali.

Upande wa kutolea sauti ni klasi D. Transista haziachwi nusu wazi zikiungua taratibu; zinafunguliwa na kufungwa kabisa, mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, kisha koili na kapasita zinachuja na kubakiza muziki. Ufanisi wake ni kama asilimia 90. Ukitoa wati 200, joto linalobaki ndani ni wati 20 na ushei. Klasi AB ya zamani, ile ya transista nusu wazi, tuseme ya asilimia 60, ingekubakizia joto la wati zaidi ya 130, na hilo ndilo lililokuwa likidai lile pande la alumini mgongoni.

Sumaku nayo ina lake. Spika ya inchi 12 ya feraiti mara nyingi ni kilo nne au tano. Ya neodimiamu ni kama mbili.

Boksi ndilo watu hulisahau. Boksi la spika moja, sentimita 50 kwa 45 kwa 28, linakula karibu mita moja ya mraba ya mbao. Kwa MDF ya milimita 18 ni kilo 13 kabla hujapiga hata skrubu moja. Kwa plaiwudi nzuri ya milimita 12 ni kilo 7. Kilo sita umeziokoa kwa seremala tu, elektroniki hujaigusa. Ila plaiwudi nyembamba isipokazwa itaanza kuimba yenyewe: weka ufito katikati, kutoka ubao wa mbele hadi wa nyuma, na gundi kila ungio. Skrubu peke yake zitalegea ndani ya mwaka.

Mwaka 2019 Fender wakatoa Tone Master Twin Reverb. Sura ileile, spika mbili za inchi 12 vilevile, kilo 15. Valvu hazimo, kuna kompyuta inayoiga tabia za valvu, na nyuma yake amplifaya ya klasi D.

Ya wati 200.

Inayoigwa ni ya wati 85. Kwa nini uhitaji 200 kuiga 85? Nilipofika hapo ndipo malalamiko ya "hakana pumzi" yalipoanza kuniingia akilini.

## Wapiga stili walifika zamani

Gitaa la stili kwetu wachache wameliona kwa macho. Limelazwa juu ya miguu ya chuma kama cherehani. Mkono wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi 10, miguu na magoti yanasukuma pedali na nyenzo zinazovuta nyuzi. Ndiyo sauti inayolia kwenye kantri ya Nashville. Na ukimsikiliza King Sunny Adé wa Nigeria, ule mlio unaoelea juu ya magitaa ni ndugu huyohuyo.

Mguu wa kulia wa mpiga stili haubanduki kwenye pedali ya sauti. Noti anaipiga pedali ikiwa nusu, halafu kadiri inavyofifia anaisukuma mbele taratibu ili isife. Ndiyo maana noti yake huonekana haina mwisho. Tatizo linakuja anapopiga noti mpya mguu ukiwa bado mbele. Kishindo hicho kinaweza kuruka desibeli 15 juu ya wastani (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti, na 15 ni nguvu mara 32 hivi). Kama wastani ulikuwa wati 5, hapo ghafla zimetakiwa wati 158.

Amplifaya ya wati 40 itakwaruza. Ya 200 itapita kama haijaona kitu.

Kwa hiyo wati 200 za mpiga stili si za kelele. Ni nafasi ya juu, kama dari refu.

Ndiyo sababu miaka ya 1970, wapiga roki wakiabudu valvu, wapiga stili walikuwa wakinunua transista bila aibu: Peavey Session 400 ya wati 200 na spika moja ya inchi 15, baadaye Nashville 400 ya wati 210 kwa omu 4 (omu ni upinzani wa spika kwa umeme). Inchi 15, kwa sababu uzi wa chini wa C6, mmoja wa mipangilio ya nyuzi za stili, ni C ya hezi 65, na kwa upande wa juu spika pana inaukata ule ukali wa chuma juu ya chuma. Nashville 400 ina kitasa cha masafa ya kati unachoweza kukihamisha. Wengi walikiweka hezi 800 na kuzipunguza, maana hapo ndipo stili inapoongea puani. Mgongo lakini uliendelea kulipa. Basi si ajabu kwamba Milkman, watengenezaji wa San Francisco wenye amplifaya ya wati 100 ya ukubwa wa pedali, kampuni yao ilianzishwa na mpiga stili.

Mpiga dansi wa Dar es Salaam au Mombasa anadhani mambo haya hayamhusu. Yanamhusu sana. Solo, sekendi solo na rithimu zinasukana, noti ya huyu inaingia kwenye mwanya wa yule. Amplifaya ikikwaruza, mianya inajaa na msuko unafumuka. Roki inaweza kuishi ndani ya mkwaruzo. Dansi haiwezi. Inataka kilekile anachotaka mpiga stili: sauti safi, kubwa, mpaka usiku wa manane.

## Wati za kwenye karatasi

Uongo tuliouzoea ni stika ya PMPO, zile wati za kutangazia biashara: redio ya mkononi yenye wati 3000 na fyuzi ya ampea moja. Volti 230 mara ampea moja ni wati 230. Zilizobaki zinatoka mbinguni.

Uongo wa amplifaya nyepesi ni wa kistaarabu zaidi. Imeandikwa wati 200, na pembeni kwa herufi za sisimizi: kwa omu 4. Boksi lako la spika moja ni la omu 8. Transista hazina transfoma ya kutolea ya kusawazisha mambo, kwa hiyo omu zikiwa maradufu nguvu inakaribia nusu. Umenunua 200, unapigia 110 hivi. Ukiwa na spika ya omu 16 ndiyo nusu ya nusu. Wapo watengenezaji wanaobuni mitambo yao kukwepa jambo hili, lakini usikisie. Soma mstari wa omu kabla ya mstari wa wati.

Sasa hesabu yenyewe.

Chukua spika ya kawaida: desibeli 97 kwa wati moja, mita moja. Wati 110 zinaongeza desibeli 20 na kidogo. Jumla 117.

Twin ina spika mbili za namna hiyo. Zikisukuma hewa pamoja zinakupa kama desibeli 3 za bure kwenye noti za chini, basi anzia 100. Wati 85 zinaongeza 19. Jumla 119.

Mzee wa kilo 29 ameshinda, na wati anazo chache.

Na bado hatujagusa jinsi kila mmoja anavyofika ukingoni. Valvu zikisukumwa kupita wati 85 hazigomi ghafla. Zinaminya kilele polepole, na sikio linapokea ule mminyo kama sauti iliyonona. Klasi D ikifika mwisho imefika. Ama limita inaibana sauti, ama kilele kinakatwa kama kwa panga. Mpiga gitaa akisikia panga mara moja tu, usiku mzima anapiga kwa woga, wati 50 anazitumia na 60 anaziogopa. Hilo ndilo jibu la 200 kuiga 85: klasi D inahitaji kuwa mbali kabisa na ukingo wake ili iweze kujifanya imefika ukingoni kwa adabu ya valvu.

Dawa ya haraka, basi, haipo kwenye kichwa. Ipo kwenye spika.

Ukibadilisha spika ya desibeli 97 kwa ya desibeli 100, umefanya kazi ya kuongeza wati 110 kuwa 220, bila kununua amplifaya. Ukibaki na spika ya 97 na kuongeza boksi la pili kama hilo la omu 8, kichwa kinaona omu 4, kinatoa wati zote 200, na koni mbili zinasukuma pamoja: 100 jumlisha 23 ni 123. Kutoka 117 hadi 123 ni tofauti ambayo mpiga dramu ataigeukia. (Kwa sikio "maradufu" ni desibeli 10, yaani wati mara kumi. Anayekuahidi maradufu kwa kuongeza wati 50, muulize shule alisoma wapi.)

Maboksi mawili ya kilo tisa na kichwa cha kilo moja na nusu hayafiki kilo 20. Na kilo 20 zilizogawanywa mikono miwili zinapanda ngazi vingine kabisa.

## Ule ukavu

Hata hesabu ikikaa sawa, kuna kitu kinabaki mkononi. Spika iliyoandikwa omu 8 si omu 8 kila mahali. Karibu na hezi 80 au 100 omu zake zinapaa mara kadhaa, na kwenye trebo zinapanda tena. Valvu zinaishika spika kwa ulegevu, kwa hiyo sehemu hizo zinavimba: besi inafura kidogo, juu panang'aa. Klasi D inaishika kwa kucha. Kinachotoka ni kilichoingia, basi.

Mpiga gitaa hali hiyo anaiita "kavu". Pandisha desibeli 2 hadi 4 kuzunguka hezi 100, na 2 au 3 kati ya kilohezi 3 na 4. Ukiwa na kompresa, kifaa cha kuminya vilele vya sauti, weka mminyo mdogo tu, mbili kwa moja. Mpiga stili usimguse. Ukavu huo ndio anaoutafuta; mpunguzie hezi 800 umwache.

Nyanyua boksi pia. Spika ya inchi 12 inamulika trebo mbele kama tochi. Boksi likiangalia magoti yako utaongeza trebo, na mtu wa safu ya tatu ndiye atakayelia.

## Vinavyounguza

Hili la kwanza ndilo limeua vichwa vingi, na mhanga huwa hajui alikosea wapi. Amplifaya nyingi za klasi D zinatoa sauti kwa nyaya mbili zenye uhai zote mbili. Hakuna wa ardhi. Fundi mitambo aliyezoea zamani anachukua sauti kwenye tundu la spika kwa kisanduku cha kwenda kwenye mikisa (meza ya kuchanganyia sauti), na kile kisanduku kinaunganisha waya mmoja na ardhi. Ukibahatika inazima. Usipobahatika unasikia harufu. Mpe tundu la laini (line out) la amplifaya yenyewe, na kama halina, weka maiki mbele ya spika.

La pili ni volti. Maandishi yakisema 100 hadi 240, chomeka popote kati ya Kigoma na Lamu. Yakisema 115/230 pamoja na kiswichi nyuma, kiangalie kabla ya waya haujafika ukutani, hasa kama mzigo umetoka Marekani. Kiswichi kikiwa 115 kapasita za ndani hazitasubiri wimbo wa kwanza uishe. Twin ya Marekani ya volti 120 nayo itakudai transfoma ya kushushia, ya kilo kadhaa. Yaani umeongeza mzigo juu ya mzigo, na kama chuma chake kilipimwa kwa hezi 60 tu, kwa hezi 50 kitachemka zaidi.

Waya wa spika si waya wa gitaa, hata kama jeki zinafanana. Wati 200 kwenye omu 4 ni ampea 7. Ule uzi mwembamba wa katikati wa waya wa gitaa haukuzaliwa kwa kazi hiyo. Tumia nyaya mbili za milimita 1.5 za mraba, au 2.5 kama ni mbali zaidi ya mita tano.

Maboksi matatu ya omu 8 kwa pamoja ni omu 2.7, chini ya zile 4 za kwenye karatasi. Usijaribu.

Kichwa cha wati 200 kwenye spika moja ya wati 60 kinawezekana kwa gitaa safi lenye mkono mwepesi, mpaka mtu aombe aazime kwa gitaa la besi. Gundi ya koili inalainika, koili inapinda, spika inaanza kukwaruza hata kwa sauti ndogo. Pima hivi: zima, weka vidole vinne kuzunguka katikati ya koni, sukuma taratibu. Ukisikia mchanga, koili imekwenda.

Kwenye jenereta hawa wepesi wanawashinda wazee. Umeme ukishuka hadi volti 170, saplai ya 100 hadi 240 haijali, wakati Twin inapoteza nguvu na valvu zinafifia. Adui yao ni umeme unaporudi kwa kishindo. Ukikatika, chomoa. Au tumia kile kifaa cha kulindia friji kinachousubirisha umeme dakika chache.

Na usikifungue kichwa kudadisi. Kapasita za saplai zinaweza kubaki na volti zaidi ya 300 baada ya kuchomoa.

## Fundi wa mtaani

Hapa ndipo shaka yangu haijaisha.

Twin ikifa, fundi wa redio mwenye pasi ya kuchomelea na mita ataifufua. Kapasita zinaonekana kwa macho, rezista zinasomeka rangi zake, valvu zinachomolewa kwa mkono. Kichwa cha klasi D kikifa, unakuta vipande vya ukubwa wa punje ya mchele juu ya bodi moja, na transista zilizokufa zimekwenda na wenzao wanne.

Ninachoweza kusema ni hiki: omba picha ya ndani kabla ya kununua. Kama saplai na sehemu ya nguvu ni moduli inayojitegemea, mfano zile za ICEpower za Denmark zinazonunuliwa na watengenezaji wengi, fundi atachomoa plagi chache na kuweka nyingine nzima. Kama kila kitu kimepangwa kwenye bodi moja, kione kama balbu: kikiungua kimeungua. Bendi inayopiga kila wiki inunue vichwa viwili vidogo badala ya kimoja kikubwa. Viwili ni kilo tatu. Mpiga gitaa mwenye uwezo wa kununua kimoja tu, anayekaa mbali na mji, Twin yake asiiuze bado.

Dukani nenda na gitaa lako na boksi la omu 8. Besi katikati, piga E ya chini wazi, pandisha mpaka usikie panga la kwanza, kisha rudi hatua tano nyuma usikilize kutoka huko. Iache iungurume kwa dakika ishirini hivi, na uguse mgongo wake. Mwenye stili akanyage pedali mpaka mwisho na kupiga nyuzi za chini kwa pamoja. Muuzaji akikunja uso, mwache akunje.

## Kukiwa na maiki

Ukumbi mkubwa wenye mitambo kamili na monita nzuri hauhitaji lolote katika haya. Wati 20 na maiki mbele ya spika zinatosha. Lakini kumbi nyingi tunazozijua, mitambo ni ya waimbaji, na magitaa yanajitegemea. Hapo dari refu linahitajika.

Halafu kuna vijambo ambavyo Twin haikuwahi kukufundisha. Pikapu, kile kinasa sauti cha chini ya nyuzi za gitaa, ikisogea karibu sana na kichwa chepesi inanasa mluzi mwembamba wa saplai. Kiweke mbali kama mita moja, na mpiga stili, ambaye hasogei, akishapata mahali pasipo na mluzi abandike utepe sakafuni. Feni inameza vumbi, na pwani inameza chumvi pia, hivyo ipulizwe kila mwezi. Na kichwa cha kilo moja na nusu juu ya boksi linalotetemeka kinatembea. Kinatembea wimbo kwa wimbo mpaka ukingoni, au mwimbaji anakanyaga waya wa gitaa na kukishusha kwa mkupuo mmoja. Twin ingemwangusha mwimbaji. Kata kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, kilaze chini ya kichwa, na waya wa gitaa upitishe kwanza kwenye mpini wa boksi kabla ya kuuchomeka.